Kaka Yangu na Dawa ya Ngozi

Kaka yangu alinizidi miaka sita. Tulizaliwa Pate, na mama alipofariki baba alituleta Amu kwa shangazi yetu, tukakulia hapo. Mtaani petu kaka alijulikana kwa pumzi zake. Alikuwa akisoma Ayatul Kursiyyu kwa pumzi moja, toka mwanzo hadi mwisho, bila kuharakisha wala kumeza herufi, na akimaliza huoni kifua chake kikihangaika. Mwalimu wetu wa chuoni hakuwa mtu wa kusifu, lakini wakija wageni alimwita kaka na kumwambia kwa Kiamu, "Ndoo usome," kisha akakaa akiangalia chini ili watu wasione jinsi anavyofurahi.

Mimi sikujaliwa sauti. Nilikuwa na hati nzuri na akili ya vipimo, na kifua changu tangu utotoni kilikuwa chembamba, kila kusi likivuma nakohoa.

Tulipokuwa watu wazima tulipata kazi pamoja kwenye ghala la ngozi. Ghala lilikuwa nje ya mji, upande wa Wiyoni, maana hakuna ambaye angekubali harufu ile iwe jirani yake. Mwenye ghala alikuwa mfanyabiashara wa mjini, mtu wa swala tano na maneno machache. Ngozi za ng'ombe zilimjia kwa mashua kutoka bara, nyingine kutoka nyuma ya Mkokoni, zimekauka zimekuwa ngumu kama mbao. Sisi tulizipokea, tukazipiga vumbi, tukazipanga kwa ukubwa, zikangoja meli.

Adui wa ngozi ni mdudu. Mwenyewe ni mdogo, mweusi, hata humjali, lakini watoto wake wana manyoya na wana meno. Unaipanga ngozi nzima leo, ukiirudia baada ya mwezi unaiinua juu unaona jua kupitia kwake kama unaangalia chekecheke. Mwaka mmoja shehena nzima ilikataliwa huko ilikopelekwa. Mwenye ghala alikwenda Mombasa, akarudi na vipipa vya unga mweupe.

Alituita sote tukasimama mbele yake. "Hii ni dawa ya ngozi," alisema. "Inaua wadudu. Mtu haimdhuru ila akiila, basi msiile." Akachota kidogo kwa kiganja chake, akatuonyesha, akajipangusa kwenye kanzu. Nalitaja hili kwa sababu baadaye watu walisema alijua. Mimi naona hakujua. Mtu anayejua hajipangusi kwenye kanzu yake.

Unga ule hauyeyuki kwa maji matupu. Ilibidi uchemshwe pamoja na magadi ndani ya sufuria kubwa la chuma, ukorogwe kwa mti wa mkoko mpaka maji yawe safi, kisha yamiminwe kwenye birika la chokaa lililojengwa uani. Ngozi zilitumbukizwa humo, zikatolewa, zikatundikwa kivulini. Ziliponing'inia hakuna kitu kilichozigusa. Nzi aliyetua juu yake alianguka.

Kazi ya kuchemsha nilipewa mimi kwa sababu ya vipimo. Magadi mengi yaliharibu ngozi, na machache yaliacha unga chini ya sufuria. Nikawa nasimama juu ya mvuke kila siku ya kuchovya, uso wangu umefungwa kwa kitambaa cha kichwani, ambacho jioni nilikwenda nacho nyumbani na kukitupa juu ya kitanda.

Mwaka huo huo nilioa. Mke wangu alikuwa mtoto wa upande wa mama, wa Pate, na hakuwa amezoea mji wala mimi. Hatujamaliza hata miezi mitatu akaniuliza, kwa haya, huku akikunja nguo, "Bwana, unakula wapi kitunguu thaumu?"

"Sijakula."

"Mdomo wako unanuka kitunguu thaumu kila ukitoka kazini. Na hapa ndani sijakipika tangu juzi ya juzi."

Nikacheka. Nikadhani ni maneno ya mtu aliye mgeni nyumbani. Lakini puani nilikuwa nimeanza kuota vidonda, macho yalinitoka machozi asubuhi, na siku nyingi nilitapika chai kabla sijafika mlangoni. Baada ya wiki mbili mke wangu alimwambia shangazi, na shangazi akamwambia kaka.

Kaka alikuja baada ya swala ya alasiri. Tukakaa barazani.

"Yeo umetapika tena?"

"Kidogo tu."

"Tangu lini?"

"Tangu mfungo sita, mwezi wa Maulidi."

Akaniangalia puani kama mtu anayeangalia mtoto. Akasema, "Basi kesho mimi nitakuwa kwenye sufuria. We kaa ndani na ngozi, uzipange na kuziandika."

"Hujui vipimo."

"Utanifundisha asubuhi. Si Qur'ani hiyo."

"Kaka, ule mvuke ni mbaya."

"Ndiyo maana. Wewe una mke mpya ndani, na kifua chako nakijua. Mimi nina pumzi za watu watatu."

Nilikataa mara moja. Nimeyapitia mazungumzo hayo mara nyingi tangu hapo, na kila nikiyapitia nakuta vile vile: nilikataa mara moja tu, kwa maneno hayo mawili niliyoyataja, kisha nikanyamaza. Asubuhi nilimfundisha vipimo. Mwenye ghala hakujali nani anakoroga, madhali maji yametoka safi.

Vidonda vyangu vilipona. Mke wangu aliacha kuuliza habari za kitunguu thaumu. Tukapata mtoto, kisha wa pili.

Miaka miwili ya kwanza kaka hakuonekana na lolote, au mimi sikuangalia. Kisha ikaja vita ya Wazungu, na ngozi zikatakiwa kuliko zamani, kwa sababu askari wanahitaji viatu. Sufuria lililokuwa likipanda motoni mara mbili kwa wiki likawa halishuki. Kaka alifika kabla yetu kuwasha moto, akatoka baada yetu. Chakula chake cha mchana alikila uani, kwa mkono aliousuuza kwenye maji ya ndoo iliyokuwa kando ya birika.

Rangi yake ilianza kubadilika. Alikuwa maji ya kunde, akawa mweusi kwa vipande, kifuani na mgongoni, na juu ya weusi ule vidoa vyeupe vidogo vidogo, kama matone ya mvua ya kwanza yalivyopiga mchanga. Viganja vyake viliota vijiwe vigumu. Shemeji yangu, mke wake, alivisugua kwa mafuta ya nazi kila Ijumaa na havikutoka. Siku moja nilimkuta anakanyaga chini kwa nguvu, mguu huu na huu.

"Unafanya nini?"

"Natafuta ardhi," akasema. "Siku hizi natembea kama juu ya usufi."

Nikamwambia turudishane kazi. Akasema wakati wa kubadilishana umepita, mimi nina watoto wawili na yeye ana binti mmoja. Nikamwambia basi tuache wote. Akaniuliza tukiacha tutakwenda wapi. Baba alikuwa ameshafariki, na sisi hatukuwa watu wa shamba wala wa bahari.

Mwezi wa Ramadhani uliofuata, baada ya alasiri, watu walikaa msikitini kama desturi wakisikiliza kisomo. Palikuwa na wageni kutoka Siu. Mwalimu wetu alikuwa mzee sana, ameletwa akishikiwa mkono. Akasema lile neno lake la siku zote, "Ndoo usome," na kaka akasogea mbele.

Alianza vizuri. Sauti ilikuwa ile ile. Kisha, kabla hajafika nusu ya aya, ilikatika. Nilimwona ameweka mkono juu ya kifua, mdomo wazi, akingoja. Akavuta pumzi, akaendelea, ikakatika tena. Aliisoma aya ile kwa pumzi nne. Aliyekaa kando yangu aliendelea kuvuta tasbihi, nami nikasikia kila punje. Mwalimu wetu aliinamisha kichwa, na safari hii hakuwa anaficha furaha.

Tulipotoka nikamuuliza kama ni kikohozi.

"Si kikohozi. Ni moyo. Unaruka."

"Unaruka vipi?"

"Kama samaki akiingia kwenye mtego wa dema. Anaruka, ananyamaza, mpaka nadhani amekufa. Kisha anaruka tena." Tukaenda hatua chache akasimama, akajifanya anaangalia mlango wa mtu. Nikajua amesimama kuvuta pumzi, nami nikasimama nikaangalia mlango ule ule.

Ilinichukua muda kumshawishi aende kwa daktari wa serikali. Alikuwa Mhindi, mtu mzima, Kiswahili chake cha kubahatisha lakini mikono yake mipole. Aliweka bomba lake kifuani kwa kaka akasikiliza kwa muda mrefu sana, mbele, kisha mgongoni, kisha mbele tena. Akabonyeza miguu kwa kidole gumba, na pale alipobonyeza pakabaki shimo.

"Moyo mkubwa," alisema. "Imekuwa mkubwa, halafu choka. Wewe baba alikuwa na ugonjwa hii?"

"Baba alikufa kwa homa."

"Lete mikono."

Kaka akamnyooshea viganja. Yule daktari alivigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akamvua shati akatazama vidoa. Kisha akauliza jambo ambalo hatukulitarajia.

"Wewe umekunywa dawa gani, miaka mingi?"

"Sijanywa dawa yoyote."

"Mimi nimeona mikono hii. Kwetu, mtu mmoja, alikunywa dawa ya upele, kila siku, miaka. Dawa ile ndani yake kuna sumu nyeupe. Mikono yake hivi hivi. Ngozi yake hivi hivi. Mwisho, moyo." Akatuangalia mmoja mmoja. "Kazi gani unafanya?"

Mimi ndiye niliyejibu. Nilimweleza unga, magadi, mvuke, birika, ndoo ya kunawia. Nilivyozidi kueleza ndivyo alivyozidi kutikisa kichwa taratibu, na kaka akawa anafunga vifungo vya shati lake, kimoja kimoja, kama vile mazungumzo hayamhusu.

"Hapana hakika," daktari alisema mwisho. "Moyo inaharibika kwa mambo mengi. Lakini kesho usiende. Kesho kutwa usiende. Tena usiende kabisa."

"Nikiacha nitapona?" kaka akauliza.

Daktari alimpa chupa ya maji ya dawa akamweleza namna ya kunywa.

Nilikwenda kwa mwenye ghala mchana huo huo. Alinisikiliza amesimama. Nilipomaliza alifungua viganja vyake mwenyewe akavitazama, mbele na nyuma.

"Wallahi sikujua," alisema. "Niliambiwa mtu haimdhuru ila akiila."

"Alikuwa akila uani, Bwana. Karibu na birika."

"Hapana aliyenambia asile uani." Akakaa. "Mwambie apumzike. Nitaandika barua Mombasa, niwaulize walioniuzia."

Aliandika kweli, mimi niliiona barua. Jibu lilipokuja lilisema mpikaji afunge uso kwa kitambaa kilicholowa, anawe kwa sabuni, na asile penye kazi. Kwa maneno mengine wao walijua tangu zamani. Lakini lilikuja kwa kuchelewa, na wakati huo sufuria lilikuwa halijashuka. Mtu mwingine alikuwa anakoroga.

Kaka alikaa nyumbani miezi mitano. Mwanzoni alipata nafuu, kutapika kukakoma, akawa anashuka ngazi kwenda msikitini na kupanda tena kwa kupumzika mara mbili. Kisha mara tatu. Kisha akaacha kushuka. Miguu ilivimba ikang'aa. Hakuweza kulala chali, alisema akilala maji yanampanda kifuani, kwa hiyo shemeji alimwekea mito nyuma akawa anasinzia ameketi, kichwa kimeinama upande kama mtu anayesikiliza jambo chumba cha pili.

Niliketi naye kila siku baada ya kazi. Nilikuwa bado ghalani, nimeshika daftari la ngozi. Aibu hiyo nimeibeba pia. Siku moja aliniambia nisogee.

"Usimwambie mke wangu kwamba kazi ile ilikuwa yako."

"Hajui?"

"Nilimwambia nimepandishwa cheo." Akatabasamu. "Alifurahi. Alipika pilau."

"Kaka..."

"Usimwambie. Hatakuona tena kama ndugu, na binti yangu atahitaji ami yake." Alisita katikati ya maneno, akavuta pumzi mbili fupi. "Nawe usijihesabu. Mimi niliitaka kazi ile. Kila mtu alikuwa akinisifu pumzi zangu, nikaona hazina mwisho." Nikamwahidi kwamba sitamwambia.

Alifariki siku ya Jumatano, baada ya adhuhuri. Shemeji alikuwa amemchemshia uji, akaenda kuuleta, akarudi akamkuta vile vile alivyomwacha, ameegemea mito. Akaketi kando yake kumngoja aamke. Nilipofika bakuli bado lilikuwa mkononi mwake na uji umeganda juu. "Amelala vizuri yeo," aliniambia kwa sauti ya chini. Mimi ndiye niliyemgusa.

Nilikuwa mmoja wa watatu tuliomwosha. Wale wenzangu waliona vidoa na vijiwe vya mikononi, wakatazamana, mmoja akauliza kama ulikuwa ukoma. Nikasema hapana, ni kazi. Nilimwagia maji kifuani, kifua kile kipana, nikaona jinsi kilivyokuwa kimejengwa kwa ajili ya miaka mingi.

Ahadi yangu kwake niliivunja. Sikuivunja upesi. Nilingoja shemeji amalize eda, miezi minne na siku kumi, na kila siku ya hiyo nilifikiri nitaweza kunyamaza. Kisha nilikwenda siku moja asubuhi kumpelekea samaki, akanikaribisha kwa heshima, akaniita ndugu, akasema Mungu anilipe kwa jinsi nilivyomtunza kaka yangu. Nikashindwa.

Nilimwambia kila kitu, nimesimama mlangoni, yeye yuko ndani nyuma ya pazia. Nilimweleza vidonda vyangu, na mazungumzo ya barazani, na kwamba hapakuwa na cheo chochote. Pazia halikutikisika. Nikadhani ameondoka.

"Ulikuwa mgonjwa kwa muda gani?" akauliza.

"Miezi mitatu. Minne."

"Na ulipoacha ulipona."

"Nilipona."

"Basi ulijua." Hakupandisha sauti. "Yeye hakujua, alidhani ana nguvu. Wewe ulikuwa umeonja. Ulijua nini kiko ndani ya sufuria ile kuliko mtu yeyote mji huu, na ulikuwa ukimpita uani kila asubuhi."

Ilikuwa kweli. Nimesikia hotuba nyingi na nimesomewa vitabu vingi, na hakuna aliyewahi kuniambia habari zangu kwa usahihi namna ile.

"Samaki uende nao," alisema.

Niliacha kazi ya ghala wiki hiyo. Kabla sijaondoka nilimkuta yule aliyechukua mahali pa kaka, mtu wa makamo aliyekuja kutoka bara, nikamwonyesha viganja vyangu, maana hata mimi vijiwe viwili vitatu vimebaki, nikamweleza yote. Alinisikiliza kwa adabu. Akaniuliza kama najua kazi nyingine ya kumpa. Nikamwachia sabuni na kitambaa. Nikaenda kwa mshonaji wa matanga, nikajifunza ushonaji nimeshakuwa na mvi, na ndiyo kazi niliyoifanya mpaka macho yalipokataa.

Shemeji hakusema nami kwa miaka. Nilikuwa nikipeleka nilichojaliwa kupitia kwa shangazi, na shangazi hakusema kimetoka kwa nani, ingawa sidhani kama shemeji alikuwa hajui. Mwalimu wetu alifariki. Mwenye ghala naye alifariki, kwa maradhi ya tumbo, na viganja vyake sikuviona.

Kisha binti wa kaka alipoposwa, shemeji alimtuma shangazi aniite. Nilikwenda nikasimama pale pale mlangoni. Pazia lilikuwa jingine.

"Mtoto ana walii mmoja tu," alisema. "Utamuozesha wewe."

"Nitamuozesha."

"Siku ya Alhamisi, baada ya laasiri."

"Nitakuja."

Nikangoja kama ana neno jingine. Alikuwa akimwambia mtu ndani aanike mchele juani usije ukaingia wadudu. Siku ya Alhamisi nilivaa joho la kaka, ambalo shemeji alikuwa amelituma asubuhi limefuliwa na kupigwa pasi, nikamshika mkono yule kijana mbele ya mashahidi nikamuozesha. Joho lilinipwaya mabegani. Kama shemeji alinisamehe sijui, sikuwahi kumuuliza, na sasa yeye na kaka wote wawili wako kaburini.